Shangazi, ndiyo, tunajifunzia kwenye macho ya watu

Shikamoo shangazi,

Juzi ulinikatia simu, na ulikuwa na haki. Unangoja kupasuliwa mtoto wa jicho, nami nasomea upasuaji huohuo, ukauliza jambo moja tu: "Kwa hiyo ninyi wanafunzi mnajifunzia kwetu?" Nami nikaanza kuzunguka mbuyu, mara mashine, mara walimu wazoefu, mpaka ukachoka kusikiliza. Usiku ukanitumia ujumbe wa sauti: niandike, wajukuu watakusomea. Haya, nimeandika. Barua hii naiweka hadharani kama ulivyoniruhusu, bila jina lako, kwa sababu kila siku ya upasuaji kuna mtu aliyelala chini ya taa ananiuliza swali lilelile kwa kuninyamazia.

Jibu ni ndiyo. Fanya mazoezi utakavyofanya, lazima ifike siku mkono ambao haujawahi kupasua jicho la mtu hai unapasua jicho la mtu hai. Hakuna daktari bingwa ambaye hakuipitia siku hiyo, hata huyo unayemtaka wewe. Kinachowezekana ni kuichelewesha hadi mkono uive, na siku yenyewe ikifika, kuhakikisha mkono huo haukabidhiwi jicho zima.

Kwanza uelewe tunajifunza nini hasa. Mtoto wa jicho si utando uliotanda juu ya jicho kama wengi wanavyodhani, useme utabanduliwa. Ni lenzi yako mwenyewe, ile iliyo nyuma ya mboni, iliyopoteza ung'avu. Lenzi hiyo inakaa ndani ya kifuko chake. Tunachana dirisha la mviringo kwenye ukuta wa mbele wa kifuko, upana wake milimita 5 hivi, tunatoa kilichomo, tunaacha kifuko kilichobaki kishike lenzi bandia. Tatizo ni ukuta wa nyuma. Unene wake ni kama sehemu 4 kati ya 1,000 za milimita moja, na nyuma yake kuna ute unaojaza jicho. Ukichanika, ute unakuja mbele, kazi ya dakika chache inakuwa kazi ya saa nzima, na hatari ya maambukizi au ya retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha, kubanduka inapanda. Mwanafunzi wa upasuaji huu anaweza kusahau mengi, lakini ukuta huo anaota nao usiku.

Mimi nilianza na nyanya. Usicheke. Unaiweka chini ya darubini ya upasuaji, unatoboa ngozi yake kwa sindano iliyopindwa ncha, unakunja kipande cha ngozi kama unavyofungua ukurasa, kisha unakivuta kizunguke mpaka kirudi kilikoanzia. Ngozi inataka kukimbilia nje. Ukiivuta kwa nguvu unaisaidia kukimbia. Dawa yake ni kusimama, kuikunjua, halafu kuivuta kurudi katikati, kinyume kabisa na pale macho yanapokutuma. Mwanzo wa ngoma ni lele, na lele yangu ilimaliza nyanya nyingi sana.

Baada ya nyanya yanakuja macho ya mbuzi na ya nguruwe kutoka machinjioni, halafu macho ya plastiki. Jicho la nguruwe lina uongo wake: kifuko chake kinanyumbuka mno kuliko cha binadamu, kwa hiyo ukilizoea sana utashangazwa na jicho la mtu. Lakini linakufundisha kitu ambacho nyanya haiwezi, nacho ni kufanya kazi ndani ya tundu. Chombo kinapita kwenye mkato wa milimita 2 na ushei, na lazima kigeukie palepale kwenye mkato, kama kasia kwenye kishwara chake. Ukitaka ncha iende kulia, mkono unaenda kushoto. Ukisahau na kusukuma kasia na kishwara chake, jicho zima linahama, konea, kile kioo cha mbele cha jicho, inakunjamana, na huoni kitu. Wiki ya kwanza nilikuwa nalipeleka jicho la mbuzi upande wa pili wa sahani.

Halafu kuna miguu. Watu hudhani upasuaji ni mikono, kumbe kwenye mashine inayosaga lenzi kwa mawimbi ya sauti, mguu wa kulia ndio unaoamua. Pedali ina ngazi: ukikanyaga kidogo, maji yanaingia, ukizidisha, mashine inavuta pia, ukishindilia hadi mwisho, inasaga. Tofauti ya ngazi na ngazi ni upana wa kidole, na mguu wa kushoto wakati huohuo unaendesha darubini, kuisogeza na kuitafutia ukali wa picha. Mwalimu wangu alinivua viatu siku ya kwanza. Akasema soksi inasikia, soli haisikii. Hadi leo napasua na soksi.

Uliniambia pia, kwa utani wa kuuma, kwamba mikono yangu inatetemeka tangu utotoni. Shangazi, kila mkono unatetemeka, darubini inaonyesha tu. Unajifunza kuegemeza kiganja kwenye paji la uso wa mgonjwa, kushika chombo kama kalamu na si kama panga, na kupumua. Nikikata tamaa namkumbuka Govindappa Venkataswamy wa India. Baridi yabisi ilimpinda vidole akiwa bado kijana, akajifundisha upya kushika kisu kwa vidole vilevile, akafanya operesheni za macho zaidi ya 100,000, na mwaka 1976 akaanzisha hospitali za Aravind. Baada ya hapo mtu akinieleza habari za vidole vyangu nanyamaza.

Siku hizi, kabla ya kuja kwako, tunapitishwa kwenye simuleta. Unaangalia ndani ya darubini, unaona jicho linalozunguka na kung'aa kama la kweli, vyombo viko mikononi, pedali ziko miguuni, na mashine inakuhesabia kila ulipogusa pasipotakiwa. Ni mwalimu asiye na huruma wala kinyongo. Nilikuwa naidharau, naiona kama mchezo wa video, mpaka nilipoona takwimu. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa madaktari 50 waliokuwa wakisomea macho katika vyuo vya Kenya, Tanzania, Uganda na Zimbabwe. Waliopewa mafunzo makali ya kuigiza upasuaji, wao kwa macho ya bandia, walichana ukuta wa nyuma katika asilimia 7.8 ya operesheni zao za mwaka uliofuata. Waliokuwa hawajayapata, asilimia 26.6. Uingereza nako, kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili, kiwango hicho kilishuka kutoka asilimia 4.2 mwaka 2009 hadi 2.6 mwaka 2015, miaka ambayo simuleta zilikuwa zikienea. Namba za kwanza zinatisha, najua. Ndiyo maana naona ni aibu mwanafunzi kupewa jicho la mtu kabla ya kuchoshwa na mashine.

Sasa jicho la mtu. Tunaanzia mkiani. Mwalimu anafanya operesheni yote, mwishoni kabisa anainuka, nami nakaa kuosha ile jeli iliyowekwa kulinda jicho. Dakika mbili, basi. Nikishaiweza hiyo, napewa kusukuma lenzi bandia iingie kwenye kifuko. Halafu mikato. Kusaga lenzi na kuchana lile dirisha la mviringo huja baadaye kabisa, kwa sababu ukiharibu pale, hatua zote zinazofuata zinaharibika. Kwa miezi nilikuwa mtu wa kumalizia kazi za wenzangu, sikujua hata uchungu wa kuanza.

Na jicho lenyewe linachaguliwa. Mwanafunzi hapewi mtu mwenye jicho moja tu linaloona, wala mboni isiyotaka kupanuka, wala lenzi nyeupe iliyovimba. Hiyo nyeupe ina vitimbi: tunapaka kifuko rangi ya buluu ili kionekane, ukikitoboa vibaya kinapasuka kushoto na kulia kwa mpigo, inabaki milia ya buluu, nyeupe, buluu. Madaktari wanaiita bendera ya Argentina, na hakuna anayeipigia saluti.

Muda wote huo mwalimu yuko kando, anatazama kwa macho yake mwenyewe kupitia jozi ya pili ya lenzi kwenye darubini ileile. Ninachoona anakiona. Nawe uko macho, shangazi, maana ganzi ni ya jicho tu. Unasikia kila neno. Kwa hiyo tunafundishwa na kusema. Chumbani kwetu ni mwiko kusema "lo!", mwiko "jamani", mwiko kuvuta pumzi kwa nguvu. Mwalimu akitaka kuchukua usukani anasema kwa sauti ileile ya kuomba pamba: "Hebu tubadilishane viti."

Nami niliambiwa hivyo. Ilikuwa operesheni yangu ya kumi na moja kuifanya yote mwenyewe. Nilikuwa nasaga kipande cha mwisho, nikafurahi mapema. Ghafla chumba cha mbele cha jicho kikawa na kina kirefu, mboni ikaruka kidogo kama mtu aliyeshtuliwa usingizini, na kipande kikainama upande. Mwili wangu wote ulitaka kuchomoa chombo. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko lile la kwanza: ukichomoa, jicho linanywea, ute unafuata. Nikahisi vidole vya mwalimu juu ya mkono wangu. "Baki hapohapo," akasema, taratibu kabisa. "Maji yaendelee." Kwa mkono wangu mwingine akaniongoza kusukuma jeli kupitia tundu la pembeni, ikaziba ufa wa ule ukuta wa nyuma, ndipo nikatoka polepole. Kisha tukabadilishana viti.

Alisafisha ute, akaiweka lenzi mbele ya kifuko badala ya ndani. Mgonjwa, mzee mmoja mpole, akauliza mbona leo tumechukua muda. Mwalimu akamjibu ukweli palepale, na baadaye akanituma mimi nikamweleze tena, kitako, bila maneno ya kitabibu. Hiyo haimo kwenye simuleta. Mzee yule aliona vizuri baada ya wiki kadhaa, lakini usiku ule nilirudia video ya operesheni mara saba, nikaona nilipolegeza umakini. Kisha tukajaza fomu. Ipo fomu ya Baraza la Kimataifa la Madaktari wa Macho yenye vipengele 20, kila kimoja alama 2, ya chini kabisa, hadi 5. Nilipata 2 kwenye kile kimoja unachokijua.

Sitakudanganya: hatari mikononi mwa anayeanza ni kubwa kuliko mikononi mwa bingwa. Una haki kuuliza nani atashika chombo, amefanya ngapi, na nani atakuwa kwenye ile jozi ya pili ya lenzi. Hilo la mwisho ndilo ningelikazania ningekuwa wewe. Una haki pia kukataa, wala hakuna atakayekununia. Ila usimfukuze mwanafunzi chumbani. Hiyo lenzi bandia yenyewe aliiweka Harold Ridley kwa mara ya kwanza huko London mwaka 1949, na inasimuliwa kwamba aliyemchokoza alikuwa mwanafunzi, aliyetazama lenzi ikitolewa akauliza mbona haiwekwi nyingine.

Mimi sitakugusa, ndugu hapasui ndugu. Lakini mwenzangu wa mwaka wa pili atakuwepo, na huenda akaosha ile jeli mwishoni. Ukisikia wanabadilishana viti, tulia.

Alhamisi nakuja kukuchukua alfajiri. Njoo na ile orodha ya dawa zako, na tafadhali, siku hiyo usipake wanja.