Jina la muuguzi huanza kujengwa wodini, si siku ya mahojiano

Mhariri,

Kila kundi la wauguzi linapomaliza chuo, kilio huwa kile kile: vyeti vipo, kazi hakuna. Sehemu kubwa ya tatizo hilo ni bajeti za serikali, ya kitaifa na za kaunti, na hakuna wasifukazi utakaoliondoa. Lakini hata nafasi chache zinapotangazwa hapa Nairobi, wapo wanaozikosa kwa mambo ambayo wangeyashika tangu mwaka wa kwanza.

Tuanze na karatasi ya vipimo. Zipitie za wodi nzima, na si ajabu ukute kila mgonjwa anapumua mara 20 kwa dakika, awe amelala fofofo au anahema kwa nimonia. Mwanafunzi hakuhesabu, amenakili mstari wa juu. Pumzi huhesabiwa dakika nzima, kifua kikipanda na kushuka, na afadhali mgonjwa asijue, kwa sababu akijua hubadilisha anavyopumua. Endelea kushika kifundo cha mkono kana kwamba bado unahesabu mapigo. Nunua saa ya kubandika kifuani yenye mshale wa sekunde. Simu hubeba vijidudu kutoka kitanda hadi kitanda, na mgonjwa hudhani unachati. Sista anayesimamia wodi hulinganisha tarakimu na mgonjwa aliye mbele yake, naye ndiye atakayepigiwa simu ukimwandika kuwa mrejelewa wako. Hapo karatasi uliyoibuni itakuwa imeshakusemea.

Dripu nayo humuumbua mtu. Umeagizwa mililita 1,000 kwa saa 8, na pakiti ya mpira wa dripu imeandikwa matone 20 kwa mililita. Zidisha 1,000 kwa 20, gawanya kwa dakika 480, upate takriban matone 42 kwa dakika. Kosa la kawaida ni kutosoma pakiti. Mpira wa watoto huwa na matone 60 kwa mililita, na aliyekariri jibu la mpira wa matone 20 atampa mtoto theluthi moja tu ya maji aliyoandikiwa. Anayeandika hesabu yake pembeni mwa chati na kutia sahihi hurekebishwa mapema. Anayekadiria kwa macho hana hata cha kurekebishwa.

Kisha kuna namna ya kusema. "Daktari, yule mama wa kitanda cha sita hayuko sawa" si taarifa; daktari ana vitanda arobaini. Linganisha na hii: "Mama wa kitanda cha 6, amejifungua kwa njia ya kawaida saa mbili zilizopita. Amelowesha pedi mbili ndani ya saa moja. Shinikizo la damu ni 90 kwa 60, mapigo 118, mji wa uzazi ni laini. Nadhani anavuja damu. Sista ameshaanza kuukanda. Tunaomba uje sasa." Hali, historia, tathmini, ombi. Inachukua nusu dakika, na mwanafunzi anayeizoea kila anapokabidhi zamu huacha kujiita "mwanafunzi tu". Wasiwasi wa kutaja unachodhani ndio humponza mwanafunzi. Ukikosea, utasahihishwa. Ukinyamaza, damu haitakungoja.

Ujuzi huu huu ndio unaopimwa kwenye mahojiano. Swali linalopendwa: mgonjwa anaongezewa damu, mara anatetemeka na joto linapanda, utafanya nini? Wengi huanza na "nitamwita daktari", na wakati huo damu bado inaingia. Kwanza funga damu. Weka maji ya chumvi kwa mpira mpya ili mshipa ubaki wazi, ita msaada, pima vipimo, linganisha upya jina la mgonjwa na lebo ya mfuko, kisha mfuko urudi maabara. Wahojaji husikiliza mpangilio, si wingi wa maneno.

Makaratasi ni mepesi yakianzwa mapema. Hakikisha jina lako limeandikwa vile vile kwenye kitambulisho, cheti cha KCSE na kumbukumbu za Baraza la Wauguzi. Herufi moja ikitofautiana inaweza kukuchelewesha. Cheti cha maadili mema huombwa kupitia eCitizen, lakini alama za vidole lazima uende mwenyewe. Anayetazamia Uingereza kwa njia ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, anahitaji alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Matokeo hudumu miaka miwili, kwa hiyo kuukimbilia mtihani huo katikati ya masomo ni kutupa pesa. Na picha za wagonjwa mtandaoni, hata uso ukifichwa, ziache kabisa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inalinda habari za afya, na mwajiri naye ana simu.

Jambo linalotuudhi zaidi ni daftari la mazoezi. Wanafunzi huliacha wazi muhula mzima, kisha wiki ya mwisho wanazunguka wodi kutafuta sahihi 60 kutoka kwa wauguzi ambao baadhi yao wameshahamishwa. Sahihi za namna hiyo hazithibitishi chochote. Lakini lawama si ya wanafunzi pekee: zipo wodi ambako mwanafunzi hutumwa maabara na famasi kutwa nzima, na jioni hana zoezi hata moja la kuandika. Tunaomba kila wodi inayopokea wanafunzi iteue muuguzi mmoja wa kutia sahihi madaftari kila Ijumaa kabla ya kukabidhi zamu, na vyuo vikatae sahihi iliyowekwa zaidi ya siku saba baada ya zoezi.

Wakufunzi wa uuguzi wodini,
Nairobi