Harambee ya Matangi ya Maji: Shilingi 345,000 Kabla ya Masika

Kwa wazazi, majirani na marafiki wa klabu yetu ya huduma, mlio Nairobi na mlio mbali,

Tunawaomba mchango wa shilingi 345,000 ili tuweke matangi manne ya maji, ya lita 5,000 kila moja, katika shule ya msingi ya umma tunayoihudumia mwaka huu huku Eastlands, mashariki mwa Nairobi. Bajeti nzima ni shilingi 484,000. Wanachama na kamati ya wazazi wameshatoa 139,000, na pesa hizo ziko benki. Zilizobaki tunazihitaji kufikia Jumamosi ya mwisho ya Januari, siku ya harambee yenyewe.

Haraka hii imeletwa na zege. Tangi la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani 5 na ushee, na zege la msingi wake hungojwa siku 28 kabla ya kubebeshwa mzigo huo wote. Likimwagwa wiki ya pili ya Februari, litakuwa tayari katikati ya Machi, masika yakibisha hodi. Pesa zikichelewa hadi Machi, fundi atachimba msingi ndani ya tope na maji yote ya Aprili yataishia mtaroni. Hapo itabidi tungoje vuli ya Oktoba.

Kuna atakayeuliza kama shule haina mfereji wa maji ya jiji. Inao, na bili inalipwa. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka Ndakaini huko Murang'a, bwawa lililokamilika 1994 na lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 70. Mengine hutoka Sasumua, Ruiru na Kikuyu Springs. Hata Ndakaini likifurika, maji yanayosafishwa na kusambazwa hayatoshi jiji lote, ndiyo maana kuna mgao. Sasa zamu ya mtaa ikiangukia usiku au Jumapili, shule isiyo na pa kuhifadhi hupitwa, na Jumatatu hununua maji ya mkokoteni. Jerikeni ya lita 20 kwa shilingi 20 huonekana rahisi hadi upige hesabu. Wanafunzi 600, kila mmoja akipewa lita 2 tu kila siku, za kunawa mikono na kuosha vyoo, wanahitaji lita 1,200. Hizo ni jerikeni 60, shilingi 1,200 kila siku ya masomo, na mgao ukikaza bei hupanda.

Kwa hiyo tangi moja kati ya manne, lililo karibu na jikoni, litaunganishwa na bomba la jiji ili lijae lenyewe zamu ikifika, hata kama ni saa nane za usiku. Matatu yatavuna mvua. Hatutaki kuchanganya maji hayo mawili: ya mfereji yameshatibiwa na ndiyo ya kupikia na kunywa.

Hesabu ya mvua ni nyepesi. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ya paa hutoa lita 1. Jengo tulilochagua lina madarasa matatu, na paa lake la mabati ni mita 24 kwa 8, yaani mita za mraba 192. Tukiondoa sehemu moja katika tano kwa maji yanayoruka nje, yanayovuja na yanayokauka juu ya bati, mvua ya milimita 10 itatuletea lita 1,500 hivi. Aprili ya kawaida hapa Nairobi hupita milimita 100, kwa hiyo matangi matatu yatajaa na kumwaga. Wakati wa kiangazi, Januari na Februari, yatakauka. Lita 15,000 ni za siku 12 za masomo. Anayewaahidi kwamba maji ya paa yatatosha shule ya watoto 600 mwaka mzima anawadanganya. Tunachonunua ni kuivusha shule kwenye wiki mbaya za mgao, na kupunguza jerikeni za kununua msimu wote wa mvua.

Baadhi yenu mmeuliza kwa nini tusinunue matangi mawili ya lita 10,000, kwa kuwa bei kwa kila lita hushuka. Jibu liko kwenye kimo cha paa. Ukingo wa paa hili uko mita 2.7 kutoka chini. Msingi lazima uinuke sentimita 30 ili ndoo iingie chini ya mfereji, na bomba linalopeleka maji kwenye tangi lazima liwe na mteremko. Matangi mengi ya lita 10,000 hupita mita 2 na nusu kwa kimo, kwa hiyo mdomo wake ungekuwa juu ya gata, ule mrija wa wazi wa ukingoni unaopokea maji ya paa. La lita 5,000 huwa mita 2 au zaidi kidogo, na linaingia. Kosa la kununua tangi kabla ya kupima paa ni la kawaida mno. Dawa yake huwa kuchimba shimo na kulizamisha tangi, kisha mfereji unakuwa chini ya usawa wa ardhi na kila mtu analalamika.

Msingi ndio sehemu tusiyotaka kubana pesa. Eneo hili lina udongo mweusi unaonata, ule unaofura ukiloa na kupasuka ukikauka. Ukimwaga zege juu yake moja kwa moja, msimu mmoja tu unatosha kulipasua. Tangi linainama, kiungo cha bomba kinang'oka, na maji yanayovuja yanazidi kuulainisha udongo. Kwa hiyo udongo mweusi utatolewa wote hadi tufike kwenye moramu ngumu (udongo wa changarawe), tunakadiria kina cha mita moja, kisha shimo lijazwe mawe na moramu na kushindiliwa kwa tabaka. Juu yake kutakuwa na bamba la zege la mita 4.4 kwa 2.3, unene sentimita 15, lenye wavu wa vyuma uliochomelewa, uitwao BRC, ndani, kwa mchanganyiko wa 1:2:4 wa simiti, mchanga na kokoto. Kila bamba litakula mifuko 10 ya simiti ya kilo 50. Mabamba ni mawili, moja kila upande wa jengo, na kila moja litabeba matangi mawili. Zege litamwagiwa maji kwa siku 7 za kwanza. Kazi hiyo ya kumwagilia hupuuzwa sana, na tayari tuna wazazi watatu waliojitolea kuifanya kwa zamu.

Gata zitazunguka pande zote mbili za paa, mita 48. Zitakuwa juu katikati na kushuka kuelekea miisho yote miwili, milimita 5 kwa kila mita, yaani sentimita 6 kutoka katikati hadi mwisho. Zikifungwa sawasawa bila mteremko, maji husimama, mbu huzaana na uzito huzivuta chini. Vishikizo vitafungwa kila sentimita 60, kwa skrubu badala ya misumari, kwenye ubao wa ukingoni. Ubao wa upande wa barabara umeoza na utabadilishwa; tumeuhesabu. Nyuma ya jengo kuna mijakaranda miwili ambayo humwaga maua wakati uleule vuli inapoanza, basi gata za upande huo zitawekewa wavu juu, na bado zitahitaji kufagiliwa.

Mvua ya kwanza baada ya ukame huosha paa: vumbi, mavi ya ndege, majani, masizi ya magari. Maji hayo hayafai kuingia kwenye tangi. Kila upande utakuwa na bomba la inchi 6 lililosimama wima kabla ya tangi, lenye urefu wa mita 2.2. Bomba la kipenyo hicho hubeba lita 17 au 18 kwa mita, kwa hiyo karibu lita 40 za kwanza huishia humo. Likijaa, mpira ulio ndani huelea na kuziba mdomo, na maji safi hupita kwenda tangini. Bomba la inchi 4 ni rahisi zaidi lakini hubeba lita 8 tu kwa mita, na kwa paa hili halifanyi kazi yoyote ya maana. Chini kuna kifuniko cha kufungua kwa mkono na tundu dogo la kudondosha maji polepole ili bomba liwe tupu kabla ya mvua inayofuata. Hapo ndipo mifumo mingi hufia: tundu huziba kwa majani, bomba hubaki limejaa, na uchafu wote wa mvua inayofuata huenda moja kwa moja kwenye tangi. Bawabu wa shule atafundishwa kulifungua kila baada ya mvua kubwa, na tutampa ratiba iliyochapishwa.

Kibao cha "Usinywe" kitawekwa kwenye matangi ya mvua. Lakini mtoto mwenye kiu baada ya kucheza hasomi kibao, kwa hiyo maji hayo nayo yatatiwa klorini. Kwa tangi lililojaa, gramu 15 za unga wenye klorini asilimia 65 hadi 70 zinatosha kufikia miligramu 2 hivi kwa lita. Unakorogwa kwanza kwenye ndoo ya maji, unaachwa utulie, kisha yale maji ya juu humiminwa tangini na kungojwa angalau nusu saa. Unga huo utafungiwa ofisini, mahali pakavu, mbali na mafuta na chakula.

Mifereji ya chuma hatutaweka. Wanunuzi wa chuma chakavu wanajulikana, na mfereji wa shaba haumalizi likizo moja. Sinki la zege la kunawia mikono litakuwa na mifereji 8 ya plastiki inayojifunga yenyewe ikiachiliwa, na valvu kuu itakuwa ndani ya kisanduku chenye kufuli.

Pesa zimegawanywa hivi: matangi 168,000, misingi miwili 116,000, gata, mabomba na vishikizo 64,000, mabomba mawili ya maji ya kwanza 14,000, sinki na mtaro wake 46,000, kuunganisha na bomba la jiji 12,000, klorini, nyavu, kufuli na matengenezo ya mwaka wa kwanza 20,000, dharura 44,000. Anayetaka kulipia kitu anachoweza kukigusa, shilingi 42,000 ni tangi moja, na 1,300 hivi ni mita moja ya gata pamoja na vishikizo na sehemu yake ya mabomba. Simiti, kokoto na mawe tutapokea kama vitu, mradi utuarifu wiki moja kabla. Matangi yaliyotumika hatupokei hata yakioshwa, kwa sababu hatuwezi kujua yalibeba nini.

Nambari ya Paybill, ya kuchangia kwa M-Pesa, iko kwenye kadi rasmi za mchango zenye mhuri na kwenye ubao wa matangazo langoni mwa shule. Ujumbe wowote unaokutaka utume pesa kwa simu ya mtu binafsi si wetu. Tafadhali msimpe mwalimu yeyote pesa taslimu, wala msiwape watoto wazilete: afisa wa umma hafai kutumia cheo chake kuchangisha harambee, na hatutaki kumweka mwalimu mkuu pabaya. Ahadi zitaandikwa zikiwa na tarehe, na mweka hazina atapiga simu siku hiyo. Mgeni wa heshima hatujaalika. Wanasiasa wanakaribishwa kuchanga kama wengine, bila kipaza sauti.

Kuhusu klabu yenyewe. Hatuna uhusiano na Rotary, iliyoanzishwa Chicago 1905, wala Lions ya 1917, lakini tumeazima kanuni ambayo vilabu hivyo huishika: akaunti ya uendeshaji na akaunti ya miradi hazikutani. Chai, nauli na uchapishaji hulipwa na ada ya wanachama, shilingi 500 kwa mwezi. Mchango wako haununui hata chupa ya soda. Mwanachama pia haruhusiwi kuuza kitu kwa mradi wa klabu, jambo ambalo limetupotezea watu kadhaa na hatujutii. Ukarabati wa madawati tuliouanza mwaka jana umesimama kwa muda, kwani mchomeleaji ni mmoja na sasa tunamhitaji kwenye visanduku vya valvu.

Tunatafuta wanachama wapya, hasa fundi wa mabomba na mtu wa hesabu za vitabu. Mikutano ni Jumanne ya kwanza na ya tatu ya mwezi, saa kumi na mbili jioni, kwenye darasa lililo karibu na lango. Mgeni huhudhuria miezi mitatu bila ada kabla ya kuamua. Na asiye na pesa wala muda wa mikutano, Jumamosi ya kwanza ya Februari tunachimba misingi kuanzia saa mbili asubuhi: njoo na viatu vya mpira, na jembe au sepetu kama unayo. Udongo mweusi tutakaoutoa uko wazi kwa anayetaka kuuchukua, ila usafiri ni wake.