Uyoga ni dawa, lakini si kila dawa

Mhariri,

Hapa Kakamega mvua ikianza tu, akina mama wanajaa barabarani na mabeseni ya obwoba, ule uyoga unaota kwa kichuguu, na mimi sina shida na huo kabisa, ukipikwa na karanga nyama ikae kando. Shida yangu ni hawa jamaa wa sokoni wenye spika, siku hizi wanauza unga wa uyoga ati unatibu sukari, presha, kansa, yaani kila kitu mpaka ndoa.

Sisemi ni uongo wote. Wachina wametumia lingzhi, ule mgumu kama mbao unaoota kwa miti, zaidi ya miaka 2,000. Na Japani kuanzia miaka ya 1970 madaktari walikuwa wanapea wagonjwa wa kansa PSK, dawa inayotolewa kwa uyoga, lakini walikuwa wanapea PAMOJA na matibabu ya hospitali, sio badala yake. Hiyo sehemu muuzaji haisemi.

Jirani yangu aliacha tembe za presha wiki tatu akinywa huo unga, tukambeba usiku na boda akiwa hajielewi. Na kama unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, lingzhi inaweza kukuongezea kutokwa damu, kwa hivyo ambia daktari kwanza.

Ingine, kuna uyoga wa sumu ambao hata uuchemshe siku nzima sumu haitoki. Sasa huo unga umeshasagwa, utajuaje ni gani?

Msomaji,
Kakamega