Intanshipu za serikali: sisi Waogiek tumeandikwa wapi?

Mhariri,

Naomba nafasi niongee kuhusu hizi intanshipu za vijana kwa ofisi za serikali, maana mimi nimetoka huko juzi tu, nilimaliza miezi yangu 12 kwa ofisi moja hapa Nakuru na siku ya mwisho nikapewa fomu ya tathmini. Umeridhika na msimamizi wako, weka alama 1 mpaka 5. Umejifunza kompyuta, 1 mpaka 5. Nikajaza, nikasaini, ikaishia hapo. Hakuna aliyeniuliza natoka jamii gani ama nilifikaje pale.

Mimi ni Mwogiek, jamii ndogo ya msitu wa Mau, na kwetu ni Mariashoni. Kuomba hiyo nafasi ilibidi nishuke mpaka mji wa Elburgon kwa saiba, duka la kulipia intaneti, na mvua ikinyesha barabara yetu ni matope matupu hata bodaboda wanakataa, nilienda mara 3 ndio maombi yakaingia, mara ya kwanza stima ilipotea vyeti vikiwa katikati ya kuskaniwa. Kufika pale pa kabila Ogiek haiko, nikabonyeza Kalenjin nikasonga mbele kwa sababu saiba ni pesa kila dakika. Sasa ripoti ikitoka kwamba jamii zote zimepata, mimi niko ndani kama nani?

Na si eti hatujulikani. Sensa ya 2019 ilituhesabu zaidi ya 52,000, Mahakama ya Afrika kule Arusha ilishatutambua kama jamii ya asili ya Mau kwa hukumu ya Mei 2017, na Katiba kifungu cha 56 inataka jamii zilizotengwa zipewe nafasi maalum za kazi. Utajuaje mpango umetufikia na hukuandika nani aliingia?

Sikatai, ilinisaidia, na ilisaidia watu wetu pia. Kuna siku mzee mmoja alitoka Nessuit na barua zake za shamba kwa bahasha ya kaki imechakaa mpaka inashikwa na uzi, dirisha la kwanza wakamrudisha, la pili pia, mimi nikipita nikamsikia anajiongelesha Kiogiek pale kwa benchi. Nikaketi naye tukasoma barua moja moja, nikampeleka kwa afisa mwenyewe, na mchana huo huo akapata muhuri aliokuwa anaufuata tangu Januari. Alinishika mkono hakutaka kuuachilia. Fomu yao haikuwa na mahali pa kuandika hiyo.

Kwa hivyo naomba wanaohusika waweke jamii ndogo kama Ogiek, Sengwer, Yaaku, Aweer, El Molo na wengine kwa fomu, kila mtu na jina lake. Matangazo yapelekwe kwa machifu na redioni, si mtandaoni pekee. Na baada ya miezi 6, halafu mwaka, watupigie simu waulize nani amepata kazi na nani amerudi nyumbani kukaa, kwa sababu tangu nitoke hakuna hata mmoja amenitafuta. Nambari zetu wanazo, tuliziandika kwa kila fomu.

Mwogiek wa Mariashoni,
Nakuru