Nililipia madarasa 21, yaliyohesabika yakawa 18

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji. Ninaishi Texas, Marekani, huu ni mwaka wa 11, na gazeti lenu nalisoma kwenye simu nikitoka zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee ninakofanya kazi.

Kilichonisukuma kuandika ni mtoto wa dada yangu aliyeko Morogoro. Ana miaka 19, amepata nafasi katika chuo cha jamii huku kwetu, vile vyuo vya umma vya miaka miwili ambavyo ada yake ni nafuu kuliko ya vyuo vikuu. Wiki mbili zilizopita alinipigia akanieleza mpango wake: "Mama mdogo, madarasa matatu nachukua ya mtandaoni, moja la kuhudhuria, muda unaobaki natafuta kazi."

Nilikaa kitandani na viatu vya kazi miguuni. Kwa mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi wa kigeni, kila muhula wa kawaida lazima awe na krediti zisizopungua 12 (krediti ni kipimo cha uzito wa somo, na darasa moja kwa kawaida ni krediti 3), na ndani ya hizo 12 darasa la mtandaoni linalohesabika ni moja tu, lisilozidi krediti 3. Kwa ratiba ile, karatasi ingeonyesha krediti 12, lakini mbele ya uhamiaji kijana angekuwa na 6. Kazi nayo, mwaka wa kwanza ni ya ndani ya chuo, saa zisizozidi 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Taarifa zake chuo kinaziingiza katika mfumo wa serikali uitwao SEVIS. Akishuka chini ya 12 bila kibali cha ofisa wa wanafunzi wa kigeni, ukaaji wake unaharibika hata kama alama zake zote ni A.

Hayo ya viza hayanihusu mimi, nina kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaaji wa kudumu. Ila kosa alilotaka kulifanya nalijua, maana nimelilipia: kuhesabu madarasa bila kuuliza kila darasa linahesabika wapi.

Digrii ya miaka miwili, ile wanayoiita asosieti, kwa kawaida ni krediti 60 na wastani wa alama usiopungua 2.0. Hapo ndipo wengi tunapoishia kusoma. Kumbe hapa Texas, kwa digrii ya kuendelea hadi chuo kikuu, krediti 42 kati ya hizo ni masomo ya msingi, nayo yamegawanywa kwa mafungu: mawasiliano, hisabati, sayansi, historia ya Marekani, serikali, sanaa na mengineyo. Kila fungu lina kipimo chake. Fungu likijaa, darasa la ziada halihamii kwenye fungu lililo tupu.

Aprili ya mwaka wangu wa nne nilikwenda ofisi ya msajili na daftari langu, lina madarasa 21, krediti 63. Sikwenda kuuliza kama nahitimu, nilikwenda kuuliza joho linachukuliwa wapi. Binti wa dirishani, mpole kabisa, akageuza kioo cha kompyuta kinielekee. Mistari ya kijani mingi, myekundu, yaani mafungu matupu, miwili. Mmoja umeandikwa sanaa, wa pili serikali ya Texas. Chini kabisa kulikuwa na kisanduku cha peke yake, na ndani yake madarasa yangu matatu yasiyokuwa na fungu.

La kwanza hisabati ya maandalizi. Texas ina mtihani wa TSI, wa kusoma, kuandika na hisabati, unaopima kama mwanafunzi yuko tayari kwa masomo ya chuo. Mimi niliufanya asubuhi nikitoka zamu, sijalala, nikidhani ni wa kutimiza utaratibu tu. Nikapelekwa darasa la maandalizi, nikalilipia kama mengine, nikasoma hadi mwisho, na halikuongeza hata krediti moja kwenye digrii. Anayejiandaa kuja auchukulie mtihani ule kwa uzito wote, alale kwanza, apitie hisabati za sekondari.

La pili historia. Muhula wangu wa kwanza kazini walibadilisha zamu, nikaacha kwenda darasani kuanzia wiki ya sita. Niliamini usipoonekana jina litafutwa. Halifutwi! Chuoni kwetu asiyejiondoa mwenyewe kwenye mfumo anabaki mwanafunzi wa darasa lile mpaka mwisho, na mwisho wangu ulikuwa F. Nililirudia baadaye nikapata B, ila daftari langu lilikuwa limelihesabu mara mbili.

La tatu saikolojia, somo nililolipenda, na sijutii kulisoma. Lakini fungu lake lilikuwa limejaa.

Nyumbani binti yangu alikuwa ameshanyoosha gauni langu la kitenge, amelitundika nyuma ya mlango kwa ajili ya sherehe ya Mei. Lilikaa pale hadi Desemba.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mfumo ulinikubalia kila muhula. Nilibonyeza, ukapokea, nikalipa. Nikachukulia kuwa kukubaliwa ni kuhesabiwa. Mfumo wa kujiandikisha unaangalia kama umesoma somo la kutangulia, kama nafasi ipo, kama hudaiwi. Kama darasa lenyewe linakusogeza kwenye digrii, hilo haukwambii. Nasema wazi kwamba chuo kinachopokea ada ya darasa kinapaswa kumwambia mwanafunzi, kabla hajalipa, kuwa darasa hili halina fungu kwake. Taarifa ile ilikuwemo kwenye kompyuta muda wote. Binti yule aliifungua kwa sekunde chache.

Inaitwa ukaguzi wa digrii, na mwanafunzi ana haki ya kuiona muhula wowote. Ndiyo niliyomwambia mwanangu aifungue kabla ya kujiandikisha, kila mara. Tena aitunze katalogi, yaani kitabu cha masharti ya chuo, ya mwaka aliojiunga, kwa sababu masharti yakibadilika katikati, vyuo vingi vinamruhusu kuhitimu kwa masharti ya katalogi aliyoanza nayo, mradi hajakatisha masomo. Na katika vyuo vingi digrii haiji yenyewe hata ukikamilisha yote. Kuna fomu ya kuomba kuhitimu, nayo ina tarehe ya mwisho. Ile ya Mei ilikuwa imenipita kabla hata sijafika dirishani.

Jambo moja nalieleza kwa taratibu kwa sababu limewaumiza wengi ninaosali nao. Sheria ya Texas, kwa walioanza chuo cha umma kuanzia msimu wa vuli wa 2007, inaruhusu kuacha madarasa sita tu katika masomo yote ya digrii ya kwanza, na hesabu inakufuata ukihamia chuo kingine cha umma ndani ya jimbo. Ukijiondoa kabla ya siku ya 12 ya masomo, katika muhula wa kawaida, haihesabiwi. Baada ya hapo inahesabiwa, isipokuwa kwa sababu za msingi kama ugonjwa mkali, kuuguza au kufiwa. Mama yangu alifariki Oktoba. Niliacha madarasa mawili nikasafiri kuzika, na hakuna aliyeniambia kwamba ningepeleka ushahidi wa msiba yasingehesabiwa. Nilikuja kuambiwa na mwanafunzi mwenzangu kwenye foleni, miaka miwili baadaye.

Wenye kadi ya kijani wanaosoma kwa msaada wa serikali kuu nao waangalie. Vyuo vingi vinadai umalize angalau asilimia 67 ya krediti unazojaribu, na usipitishe mara moja na nusu ya urefu wa programu, yaani krediti 90 kwa digrii ya 60. Ile F yangu ya historia ilihesabiwa huko pia.

Wazazi mlioko nyumbani, mtoto akichelewa kumaliza digrii ya miaka miwili msimuulize kwanza alikuwa anafanya nini. Mwambieni afungue ukaguzi wa digrii msome pamoja kwenye simu, hata kama lugha ni ya shida. Rangi za mistari zinaonekana.

Mwanangu anatua Agosti. Homa ya uti wa mgongo alitaka kuchanja akishafika, nikamkatalia: Texas inataka mwanafunzi mpya aliye chini ya miaka 22 awe amechanjwa angalau siku 10 kabla ya masomo kuanza. Amechanja Jumanne, cheti amenitumia picha. Jana kanitumia na ratiba mpya ya majaribio. Madarasa manne, la mtandaoni moja, na kando ya kila darasa ameandika kwa kalamu jina la fungu lake. Kando ya moja ameweka alama ya kuuliza. Kesho nikitoka zamu nampigia tulitafute pamoja.

Msomaji wenu,
Texas, Marekani