Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Shughuli za Chama na Uamuzi Kuhusu Ethanoli

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, ninawasilisha taarifa ya shughuli za chama kwa mwaka tunaoumaliza. Vikao vya Kamati ya Utendaji vilifanyika kama ilivyopangwa, mafunzo ya usalama barabarani yalitolewa, bima za magari ya chama zilihuishwa, waliofiwa walifikishiwa rambirambi, na mpango wetu wa kununua mafuta kwa pamoja haukukatika. Mambo haya mnayafahamu na yamo kwenye kabrasha la katibu, kwa hiyo sitayarudia.

Nitakalolieleza kwa kirefu ni uamuzi wa Kamati wa kukataa pendekezo la kuhamisha magari na pikipiki zetu zote kutoka petroli kwenda ethanoli tupu (pombe inayokenekwa kutokana na mimea kama miwa na mahindi), kukataa pia kutumia Mfuko wa Maendeleo kujenga mtambo wetu wenyewe wa kukeneka ethanoli, na badala yake kukubali petroli iliyochanganywa na ethanoli asilimia 10. Uamuzi huu umesemwa sana vijiweni, na wapo waliofikia kudai kwamba mwenyekiti ametiwa mfukoni na wauza mafuta. Madai hayo nitayajibu kwa hesabu. Ninaomba tu ikumbukwe kwamba aliyelileta suala la ethanoli mbele ya chama hiki kwa mara ya kwanza ni mimi, wakati ambapo wengi wa wanaolishabikia leo walikuwa bado wanalicheka.

Lita moja ya petroli ina nishati ya megajuli 32 hivi, na lita moja ya ethanoli ina megajuli 21, yaani karibu theluthi mbili. Ili iungue sawasawa, kilo moja ya petroli huhitaji kilo 14.7 za hewa, ilhali kilo moja ya ethanoli huhitaji kilo 9 tu, maana yake injini ileile inayovuta hewa ileile lazima ipewe mafuta mengi zaidi kwa nusu na ushei. Kwa mchanganyiko wa asilimia 10, umbali unaokwenda kwa lita hupungua kwa asilimia 3 hivi, kiasi ambacho dereva hukipoteza kwa kukanyaga breki ovyo. Kwa ethanoli tupu pengo ni kubwa, na ndiyo maana madereva wa Brazil, ambao wameyatumia mafuta haya kuliko sisi sote, wana kanuni kwamba ethanoli inalipa pale tu bei yake isipozidi asilimia 70 ya bei ya petroli. Waliotuletea pendekezo walilinganisha bei kwa lita. Sisi tunalipwa kwa safari, na safari hupimwa kwa kilomita.

Sikatai sifa za ethanoli. Okteni yake, yaani kipimo cha mafuta kustahimili mbano bila kuungua kabla ya wakati, ni 108 hivi, juu ya petroli ya kawaida, na injini iliyoundwa kwa ajili yake inaweza kubana hewa kwa nguvu zaidi na kurudisha sehemu ya kile kilichopotea. Marekani ilipoachana na MTBE, kemikali ya kupandisha okteni iliyokuwa ikichafua maji ya visima, ethanoli ndiyo iliyochukua nafasi yake ndani ya petroli. Lakini injini zetu hazikuundwa hivyo. Magari mengi ya wanachama ni ya miaka mingi, na pikipiki nyingi bado zinatumia kabureta, kifaa cha kuchanganya hewa na mafuta ambacho hakiwezi kujirekebisha chenyewe. Ethanoli hulainisha na kupasua mipira ya zamani ya kupitishia mafuta, hushambulia baadhi ya metali, na huondoa uchafu uliogandamana ndani ya tangi na kuusukuma hadi kwenye chujio. Uingereza ilipofanya mchanganyiko wa asilimia 10 kuwa petroli ya kawaida mwaka 2021, wenye magari ya zamani walitahadharishwa watafute aina nyingine, na hiyo ilikuwa ni asilimia 10 tu. Waliotaka tuingie asilimia 100 hawakutaja hata mara moja nani angelipia mipira, pampu na nozeli za kunyunyizia mafuta.

Kuna pia suala la maji, ambalo mafundi wetu walilielewa mara moja na waliolitetea pendekezo hawakulielewa kabisa. Ethanoli huvuta unyevu. Petroli yenye ethanoli asilimia 10 inaweza kubeba maji kama nusu ya asilimia moja. Yakizidi hapo, ethanoli huungana na maji na kushuka chini ya tangi, mahali hasa ambapo pampu hunyonya, na petroli inayobaki juu huwa imepungukiwa na okteni. Kwa sababu hiyo niliagiza matangi yetu ya akiba yakaguliwe na kukaushwa kabla ya shehena ya kwanza kupokelewa. Agizo hilo lililalamikiwa kuwa ni kupoteza muda, lakini hadi leo hakuna gari la mwanachama lililozimika kwa sababu ya mafuta yetu.

Hoja iliyorudiwa zaidi ni hii: Brazil wameweza, sisi tunashindwa nini? Brazil ilianzisha mpango wake wa taifa wa ethanoli mwaka 1975, baada ya bei ya mafuta kupanda, na ikaanza kuuza gari la ethanoli tupu, Fiat 147, mwaka 1979. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, zaidi ya magari mapya 9 kati ya 10 yalikuwa ya ethanoli. Kisha bei ya mafuta ghafi ikaporomoka mwaka 1986, sukari ikapata soko zuri nje, wenye viwanda wakapeleka miwa kwenye sukari, na ilipofika mwaka 1989 ethanoli ikaadimika vituoni. Wenye magari yasiyokubali kitu kingine walikwama, na biashara ya magari hayo ikaanguka. Ethanoli ilirudi kwa nguvu baada ya mwaka 2003, yalipoingia sokoni magari yanayokubali petroli, ethanoli au vyote viwili kwa kiasi chochote. Kwa hiyo anayetaka kuiga Brazil aige yote, pamoja na mwaka 1989. Pendekezo lililokataliwa lingetuweka pale walipokuwa kabla ya kukwama kwao.

Kuhusu mtambo, nilishangaa kwamba waliotuletea michoro hawakueleza kuwa ukeneko wa kawaida haupiti asilimia 96 hivi ya ethanoli, kinachobaki kikiwa maji. Ethanoli ya namna hiyo haifai kuchanganywa na petroli hadi ikaushwe kwa vifaa maalumu hadi asilimia 99 na zaidi, na vifaa hivyo havikuwemo kwenye makadirio. Aidha, kila lita moja ya ethanoli huacha lita 10 hadi 15 za majimaji machafu yenye asidi. Niliuliza yangemwagwa wapi, na sikujibiwa. (Nilijibiwa kuhusu mmea wa mbono, ambao mafuta ya mbegu zake ni ya injini za dizeli na hayana nafasi kwenye injini ya petroli.)

Malighafi nayo haikufikiriwa. Marekani huelekeza takriban asilimia 40 ya mahindi yake kwenye ethanoli, ingawa sehemu hurudi kama chakula cha mifugo, na kwa mahindi yote hayo hupata kama sehemu moja ya kumi ya ujazo wa petroli inayochomwa nchini humo. Miwa ina nafuu: kwa makadirio mengi hurudisha nishati karibu mara 8 ya ile ya mafuta ya kisukuku (yanayochimbwa ardhini) iliyotumika kuizalisha, kwa kuwa makapi yake ndiyo yanayochemsha mtambo, ilhali mahindi hurudisha kama mara moja na nusu hadi mbili. Ethanoli ya mabua na majani, tunayoambiwa itamaliza ubishi, iliwekewa lengo na sheria ya Marekani ya mwaka 2007 la lita bilioni 60 hivi kufikia mwaka 2022. Mwaka huo ulipita bila kukaribia hata sehemu ya kumi ya lengo hilo. Henry Ford aliita pombe mafuta ya siku zijazo mwaka 1925, na karne nzima imepita tukiwa bado tunazisubiri siku hizo.

Sasa niseme yanayonisikitisha. Kamati iliitisha mkutano maalumu ili uamuzi huu ujadiliwe mbele ya wote, na akidi haikutimia. Waliokuwa wakali zaidi kwenye kundi la WhatsApp hawakuonekana ukumbini, wala hawakutuma udhuru. Ada nazo zimelipwa na wanachama wasiofika nusu. Mfuko wa Maendeleo, ambao baadhi yenu walitaka uwe malipo ya awali ya mtambo, hutunishwa na ada hizohizo, na katika waliosaini barua ya kulalamikia uamuzi, walio wengi wanadaiwa ada ya mwaka huu na ya mwaka uliotangulia. Kamati imevumilia vya kutosha, na kuanzia mwezi ujao asiyelipa hatahudumiwa katika mpango wa mafuta.

Kuhusu mwaka ujao, ni matumaini ya Kamati kwamba, hali ya fedha ikiruhusu, magari ya chama yatakayochakaa yatabadilishwa na yale yanayokubali mafuta ya aina zote mbili, na kwamba suala la kuongeza kiwango cha ethanoli hadi asilimia 20 litaangaliwa kwa wakati wake, baada ya mafundi kutoa maoni yao kwa maandishi. Tunatarajia pia kupata mtaalamu wa kutupimia mafuta kila shehena inapoingia, ingawa bado hatujampata.

Ndugu wanachama, naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti