Nafuta ile nne niliyoipa Outer Wilds

Swahiba wangu Hamisi,

Salamu nyingi. Sisi wazima, na nina imani nanyi mko salama. Kimya cha miezi mitatu nisamehe, sina kisingizio cha maana. Jumanne ameniambia umeifuta Outer Wilds, lile gemu la kuruka angani kutoka sayari hadi sayari, kwenye mashine yako, na kwamba ulipoulizwa sababu ukanitaja mimi: nilisema lile gemu halizidi nne kwa kumi. Tangu aniambie sijatulia. Ni kweli nilisema, na nilikosea. Nakuandikia nilifute neno lile kabla halijafika kwa mwingine.

Nilikuwa nimelicheza saa mbili. Saa mbili tu, tena usiku, nimetoka moja kwa moja kwenye gemu la kufyatuliana risasi, vidole bado vina moto. Nikarusha chombo cha angani, nikakibamiza mwezini, nikafa. Nikarusha tena, nikatumbukia kwenye shimo jeusi. Mara ya tatu jua lilinilipukia nikiwa katikati ya kusoma maandishi ya ukutani, nikajikuta nimelala palepale pa mwanzo, kando ya moto, macho angani. Nikasema hili halina mbele wala nyuma. Hupewi silaha, hupandi levo, huongezewi nguvu, na kila dakika 22 unarudishwa ulikotoka. Ndipo nikakupigia ile simu.

Aliyenirudisha ni Neema. Hakubishana nami, aliniuliza tu ni kitu gani nimekijua leo ambacho jana sikukijua. Nikaanza kumtajia, nikakuta orodha ni ndefu. Hapo ndipo nilipong'amua kwamba humo ndani mali pekee unayoondoka nayo ukifa ni kile ulichokijua. Chombo ni kilekile tangu mwanzo, mwili ni uleule. Mlango unaokushinda leo utaupita kesho kwa sababu umeelewa, basi.

Unazikumbuka zile sayari mbili pacha, mchanga unaomwagika kutoka moja kwenda nyingine? Mimi niliona pambo. Niliporudi nikaingia kwenye mapango ya ile inayopokea mchanga, nikawa nasoma bila haraka, mara nikasikia mchanga unapanda miguuni. Nikakimbia huku nikiinama, dari linakaribia kichwa, nikabanwa hapo nikafa. Safari iliyofuata niliingia mapema, nikahesabu muda wangu, nikafika nilikotaka. Mkono wangu haukuwa mwepesi kuliko jana, nilikuwa tu nimeijua saa ya mchanga. Zaidi ya hapo sitakwambia, ukiambiwa unaibiwa.

Na muziki, Hamisi. Wasafiri wametawanyika kila mmoja kwenye sayari yake, huyu na banjo, yule na ngoma, mwingine na filimbi. Una kile chombo cha kunasa sauti za mbali. Usiku mmoja nilikwenda mbali sana, nikageuka nikakielekeza nyuma, sayari zote zikaingia kwenye mduara mmoja. Wote walikuwa wanapiga wimbo mmoja, na hakuna aliyeonana na mwenzake. Niliacha kila kitu nikasikiliza mpaka jua likafa.

Sasa niambie, hiyo ni nne?

Ndiyo maana nimeanza kuziogopa hizi namba zetu. Tumezoea kurushiana saba, tisa, tano, kama tunanadi kitu mnadani. Na namba ina madhara. Wewe unaipenda Fallout: New Vegas ya 2010 kuliko mtu yeyote ninayemjua. Waliolitengeneza, Obsidian, walikuwa na ahadi ya bonasi endapo wastani wa wakaguzi kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama zao, ungefika 85 kwa mia. Ulifika 84, bonasi wakaikosa. Alama moja! Nikiwaza ni wangapi kati ya wale wakaguzi walikuwa na haraka kama mimi usiku ule, roho inaniuma.

Sisemi tusihukumu. Kuna mambo sina huruma nayo. Gemu moja, jina nalihifadhi, lilinifutia sevu ya saa 40 baada ya kuliapdeti, na hilo hata lingekuwa na picha nzuri namna gani nitalikata alama, kwa sababu muda wa mtu si wa kuchezewa. Na walionunua No Man's Sky Agosti 2016 walikuwa na haki ya kukasirika, maana lilitoka bila vitu walivyoahidiwa, japo watengenezaji wake wamelitengeneza miaka yote hii kwa maboresho ya bure hadi likawa kitu kingine. Ninachotaka ni tuulize kwanza gemu linataka nini kutoka kwetu, halafu ndipo tuseme limefika au halikufika. Journey ya 2012 inaisha kwa muda wa saa mbili hivi, na mwenzako unayekutana naye huwezi kumsemesha ila kwa mlio. Ukiipima kwa urefu umeidhulumu. Tetris haina hata stori, nayo imechezwa tangu miaka ya 1980. Desemba 2023 kijana wa miaka 13 aliicheza ile ya NES, mashine ya zamani ya Nintendo, mpaka gemu lenyewe likaganda.

Hapo nimkumbuke Jumanne. Bado anashikilia kwamba Neema hakuimaliza Celeste, lile gemu gumu la kupanda mlima, kwa kuwa aliwasha ule msaada unaopunguza kasi. Nimemkatalia mbele ya wote. Watengenezaji wenyewe ndio walioiweka hiyo njia. Gemu lile ukianguka linakurudisha chumba kilekile papo hapo, halikuadhibu, linataka ujaribu tena. Gemu la Dark Souls ndilo linalotaka uione hasara, ukifa unaziacha chini roho ulizokusanya, ambazo ndizo fedha zake, na una nafasi moja ya kuzirudia. Hayo ni makusudi mawili tofauti, na Jumanne anayapima kwa rula moja. Neema alifika kileleni akilia. Kama huko si kumaliza, basi sijui... Tutaongea.

Nirudi kwenye langu. Nakuomba ulipakue tena. Usifungue video ya mtu yeyote, usitafute majibu popote. Ukikwama, nenda sayari nyingine, na ukikwama kabisa nipigie, nitakuuliza maswali tu, jibu sitakupa. Usilicheze ukitoka kwenye gemu la vita. Lipe usiku wake.

Halafu nijibu haya. Ulikuwa umefika wapi ulipoacha? Chombo chako kilikuwa kinakupa shida ya kutua au kilichokukera ni kule kufa? Uliisikia ile banjo, au ulipita bila kukielekeza kile chombo cha kunasa sauti? Kuna gemu lingine lolote uliloliacha kwa sababu ya maneno yangu? Nitajie yote, nataka kuyapitia moja moja. Na lile ulilolisifia wewe mwaka jana nikalikataa kwa picha zake tu, bado unalo? Ni wapi hasa lilikushika, mwanzoni au baadaye? Nitaanza kulicheza Jumamosi, na safari hii sitasema neno mpaka niwe nimepafika ulipofika wewe.

Wako,
Rashidi